Spika Ndogo za Rafu kwa Sebule za Kisumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega wanaotaka kusikiliza muziki vizuri nyumbani bila kuingia kwenye deni. Majibu yanamlenga mtu mwenye sebule ya kawaida, ya mita tatu kwa nne hivi, anayetaka kukaa jioni na kusikia kila neno la mwimbaji.

Spika za rafu ni zipi, na zinatofautianaje na sabufa niliyo nayo?

Ni spika mbili zinazofanana, kila moja kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 25 hadi 35, unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja. Mbele kuna wufa ya inchi 4 hadi 6 na nusu kwa sauti nene na za kati, na juu yake twita kwa sauti nyembamba. Ndani kuna krosova, kibao cha saketi kinachogawa kazi kati ya hizo mbili. Umbo hili si geni. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani alitoa spika ya AR-1, iliyotumia hewa iliyofungiwa ndani ya kisanduku kuirudisha koni (sehemu ya wufa inayotetemeka) mahali pake, na tangu hapo besi ya maana ikawezekana bila kujaza nusu ya chumba.

Sabufa za kawaida za madukani zina kisanduku kimoja kikubwa cha besi na vispika viwili vya plastiki vyenye koni ya inchi 2 au 3. Tatizo liko hapo. Koni ndogo kiasi hicho haiwezi kutoa sauti iliyo chini ya hezi 150 au 200 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; ikipungua, sauti huwa nene), kwa hiyo sehemu hiyo hupelekwa kwenye kisanduku cha besi. Lakini sauti ya mwanamume anayeimba huanzia karibu hezi 100. Matokeo ni kwamba mwimbaji anakatwa vipande viwili: kifua chake kinatoka chini ya meza, mdomo wake unatoka juu ya kabati. Ndiyo maana glasi zinatikisika na bado huwezi kuyafuata maneno ya wimbo. Spika ya rafu inamtoa mtu huyo mzima, kutoka mahali pamoja, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuinunua.

Mimi ni mtu wa benga na ohangla. Besi itanitosha?

Kwa benga, ndiyo, na pengine utaifurahia kuliko ulivyozoea. Waya nene kuliko zote kwenye gita la besi hutoa mlio wa hezi 41. Spika yenye wufa ya inchi 5 huanza kuchoka ikifika hezi 60 au 55 hivi, kwa hiyo mlio ule wa chini kabisa utapungua. Ila kila mlio wa gita una milio mingine juu yake, na sikio huitumia hiyo kuutambua ule wa chini. Utaisikia besi ikitembea. Katika benga, besi haikai pale kutoa mgurumo tu. Inajibizana na gita la solo, na sabufa iliyofunguliwa mpaka mwisho huyageuza mazungumzo hayo kuwa mvumo mmoja.

Ngoma za ohangla na isukuti zina uzito wa chini zaidi. Ukitaka zikupige kifuani kama umesimama uwanjani, spika ndogo peke yake haitafika huko. Anza na spika mbili nzuri, kisha baadaye ongeza kisanduku cha besi kinachojitegemea, ukiseti kitoe sauti zilizo chini ya hezi 80 tu. Usiende kinyume cha hapo, kwa sababu besi nzuri haiwezi kuponya sauti mbovu ya katikati.

Ninunue ya wati ngapi?

Chache kuliko unavyodhani. Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu ndilo linalowapotezea watu pesa nyingi.

Kwanza, achana na namba za PMPO, yaani nguvu ya kilele inayotangazwa kwenye katoni. Sabufa imeandikwa wati 10,000 kwenye katoni. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampia 13, na stima yetu ni volti 240. Zidisha: wati 3,120. Hakuna kifaa kinachochomekwa kwenye soketi hiyo kitakachotoa zaidi ya hapo mfululizo. Kigeuze kifaa, usome kibandiko cha nyuma kinachosema kinakula wati ngapi. Mara nyingi utakuta 40 au 60. Namba inayofaa kulinganishwa ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ya kutolewa mfululizo.

Pili, tazama desibeli (dB), kipimo cha ukubwa wa sauti. Nyuma ya spika au kwenye karatasi yake huandikwa kitu kama 86 dB. Maana yake ni kwamba ukiipa wati 1, mtu aliye umbali wa mita 1 atapata desibeli 86. Ukikaa mita mbili na nusu, kama sebule nyingi zilivyo, utapoteza desibeli 8 hivi, na spika ya pili itakurudishia 3. Unabaki na desibeli 80 na kidogo, kwa wati moja tu kila upande. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kwa hiyo wati moja tayari inakulazimu kuinua sauti ukiongea na mtu wa kando yako.

Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji desibeli 10 zaidi, na hizo hudai wati mara kumi. Kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo sana. Spika kama Edifier R1280T ina wati 42 RMS kwa pande zote mbili, na kwa sebule ya familia zinatosha na kubaki. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, kwa hiyo hata masikio yako hayahitaji zaidi.

Nichukue zenye amplifaya ndani au zisizo nayo?

Kama unaanza huna kitu, chukua zenye amplifaya ndani. Unachomeka kwenye stima, unaunganisha simu au TV, umemaliza. Aliyezitengeneza ameshalinganisha amplifaya na koni, na hutahitaji kifaa kingine mezani.

Zisizo na amplifaya zinamfaa mtu aliye na amplifaya nzuri tayari, au anayependa kujenga mfumo wake polepole. Zina faida moja kubwa kwetu huku: amplifaya ikiungua, spika zinabaki salama, na zile zenyewe hazina cha kuharibika sana. Nimeziona za miaka thelathini bado zinaimba. Ukichukua hizi, hakikisha namba ya omu (Ω), yaani ukinzani wa umeme, inakubaliana na amplifaya. Amplifaya iliyoandikwa omu 8 peke yake usiifunge spika za omu 4, itapata moto.

Nina bajeti ndogo. Pesa zigawanyweje?

Chini ya elfu kumi, sahau mpya. Tafuta mtumba kutoka Uingereza, spika za mbao zilizokuja na redio kubwa za zamani au zilizouzwa peke yake, na amplifaya ndogo ya kisasa ya kuziendesha. Kwa elfu kumi na tano hadi ishirini na tano, jozi mpya yenye amplifaya ndani ndiyo chaguo la busara. Ukipanda zaidi, majina kama Wharfedale Diamond, Dali Spektor, Q Acoustics au Sony SS-CS5 yanaanza kuingia, na hapo weka sehemu kubwa ya pesa kwenye spika, si kwenye amplifaya. Amplifaya mbili za bei tofauti hukaribiana sana kwa sauti. Spika mbili za bei ileile zinaweza kutofautiana kabisa.

Usitumie shilingi yako ya mwisho dukani. Bakiza ya waya, ya stendi na ya kinga ya stima.

Nikanunue wapi: Kisumu, Nairobi, au niagize nje?

Anza kwa maduka ya Oginga Odinga Street na mitaa inayolizunguka, kwa sababu utazisikia kabla ya kulipa na utajua mlango wa kurudi zikiharibika. Jumapili pitia Kibuye kwa mitumba. Luthuli Avenue ya Nairobi ina uchaguzi mpana zaidi na zinaweza kuja kwa basi. Mwambie muuzaji azifunge kwenye katoni yake ya asili yenye sponji, akurekodie video zikicheza zote mbili kabla ya kufunga. Kuagiza nje huvutia mpaka uhesabu usafirishaji wa kilo kumi za mbao na sumaku, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Na ukiagiza Marekani, soma jibu la stima hapa chini kwanza.

Nitaijuaje spika ya mtumba iliyo nzima?

Vua kitambaa cha mbele, na muuzaji akikataa, ondoka. Tazama ukingo laini unaoizunguka koni. Ukiwa wa mpira, ubonyeze: unatakiwa kurudi. Ukiwa wa sponji, uguse taratibu kwa ncha ya kidole. Ukibaki na unga mweusi au ukingo ukikatika kama keki kavu, umeshaoza. Joto na unyevu wa kando ya ziwa huharakisha kuoza huko.

Kisha weka vidole viwili pande mbili za kitovu cha koni, uisukume ndani sawasawa, mbele na nyuma, sikio likiwa karibu. Ikienda kimya, vizuri. Ukisikia mkwaruzo, koili yake (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeungua au imepinda, hiyo iache hata kama ni ya bure.

Beba betri ndogo ya volti 1.5 ya rimoti na vipande viwili vya waya. Gusisha chanya ya betri kwenye kishikio chekundu na hasi kwenye cheusi, mara moja tu, uachie. Koni inatakiwa kuruka nje kidogo na kutoa "tup". Spika zote mbili ziruke upande mmoja. Ukiwa na mita, spika ya omu 8 itasoma omu 6 hivi, ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Ikisoma hakuna kitu, waya umekatika ndani. Kipimo hiki hakiambii lolote kuhusu twita, kwa sababu kapasita huizuia mita. Kwa twita hakuna njia ila kuchezesha muziki na kusogeza sikio karibu nayo. Twita ndiyo hufa kwanza, mara nyingi kwa amplifaya ndogo iliyokamuliwa kwenye sherehe mpaka sauti ikapasuka.

Nizisikilize kwa muziki gani dukani?

Muziki wako mwenyewe, unaoujua kwa moyo, kutoka kwenye simu yako. Usikubali ule wa muuzaji, ambao mara nyingi umechaguliwa kwa sababu unaipendeza besi. Mimi hupenda kutumia rekodi ya nyatiti. Zile nyuzi nane zinadunda, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inagonga ubao wa ala, na juu yake mzee anaimba kwa kasi. Spika nzuri itakupa vyote vitatu, kila kimoja mahali pake, nawe utasikia kwamba pete ni chuma na ubao ni mti. Spika mbaya itakupa kelele za kukwaruza na sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Baada ya hapo weka taarifa ya habari. Sauti ya mtangazaji ikisikika kama ya mtu halisi aliyeketi hapo, umepata.

Nyumba yangu ina sakafu ya tailsi na mabati bila dari. Nifanyeje?

Hapa ndipo sauti nyingi nzuri hupotelea, na tiba yake ni bei rahisi kuliko spika mpya. Piga makofi katikati ya sebule. Ukisikia mlio wa "trrr" unaofuata, kuta zako zinarudisha sauti. Tandika zulia kati ya makochi na spika, ning'iniza pazia nzito dirishani, weka rafu ya vitabu au kochi la kitambaa ukutani nyuma yako. Dari ya mbao au ya jipsamu husaidia sana, ingawa najua mpangaji hawezi kumjengea mwenye nyumba dari. Mvua kubwa ya jioni ikianza kuyapiga mabati, zima tu, hakuna spika inayoshinda mvua ya Kisumu.

Halafu mahali pa kuziweka. Zisikae sakafuni wala juu kabisa ya kabati. Twita iwe usawa wa masikio yako ukiwa umeketi, sentimita 90 hadi 100 kutoka chini. Umbali kati ya spika na spika ukaribiane na umbali wa kila spika hadi kwako, ili mkutane pembetatu, na uzigeuze kidogo zikutazame. Ziondoe kwenye kona, maana kona huvimbisha besi. Kama tundu la hewa la spika liko nyuma, acha sentimita 20 au 30 kutoka ukutani. Ukiwa na sebule finyu, nunua zenye tundu la mbele.

Fundi wa kuchomelea vyuma atakutengenezea stendi za sentimita 60. Chini ya spika weka vipande vinne vya ndara iliyochakaa, vinazuia mtetemo usiingie kwenye meza.

Waya wa bei ghali una maana?

Hapana. Nunua waya wa shaba wa pea, milimita 1.5 za mraba, kwenye duka la vifaa vya umeme, kwa mita. Kwa mita tano unatosha kabisa. Kwangua ncha uone rangi: ikiwa nyekundu nje na nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Nyekundu ifungwe kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi itapotea na mwimbaji atasambaa chumbani asijulikane aliko.

Bluetooth inaharibu sauti?

Kidogo, na wengi hawataitambua. Kinachoharibu zaidi ni faili lenyewe. Miksi iliyopakuliwa na kupakuliwa tena kwenye flashi imeshapoteza mengi, na spika nzuri itakuonyesha hilo bila huruma. Kwenye Spotify nenda kwenye mipangilio uchague ubora wa juu kabisa unaoupata, ukiwa na Wi-Fi.

Kwa filamu tumia waya, kwa sababu Bluetooth huchelewa na midomo haitaendana na maneno. TV nyingi za sasa zina tundu la optiko. Ukiunganisha usisikie kitu, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM. Watu hurudisha spika nzima dukani kwa sababu ya kitufe hicho.

Stima yetu hupotea na kurudi kwa kishindo. Zitaungua?

Zinaweza. Weka kinga ileile watu wanayowekea friji, inayongoja dakika chache baada ya stima kurudi. Radi ni jambo jingine kabisa, na ukanda wa Ziwa Victoria hadi Kakamega na Kisii una radi nyingi. Mawingu yakikusanyika, chomoa plagi ukutani, na chomoa pia waya wa antena au dishi kutoka kwenye TV, maana radi hupitia huko na kuzifikia spika kwa mlango wa nyuma.

Vifaa vya Marekani hutumia volti 120. Kama kibandiko hakijaandikwa 100–240V, ukikichomeka hapa kinakufa papo hapo. Spika zisizo na amplifaya hazina shida hiyo, zitoke nchi yoyote.

Wazazi wako kijijini Bondo, wana sola tu. Naweza kuwapelekea?

Unaweza, na ni zawadi nzuri kwa mzee anayependa redio. Chukua amplifaya ndogo ya daraja la D (aina isiyopoteza umeme mwingi) inayotumia volti 12 moja kwa moja, bila inveta. Kwa spika za omu 8 haitazidi wati 9 hivi kila upande, na kwa za omu 4 karibu 18. Kwa hesabu ya pale juu, ni nyingi. Chagua spika zenye desibeli 88 au zaidi, ili betri idumu. Kwa sauti ya kusikiliza ukiwa umekaa, mashine hiyo hula chini ya ampia moja. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya karibu na betri. Hilo usiliruke.

Majirani wa ploti watalalamika?

Spika za rafu huwasumbua kidogo kuliko sabufa, kwa kuwa besi ya chini ndiyo inayopenya ukuta. Hata hivyo kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, huhesabu usiku kuanzia saa mbili. Baada ya saa hiyo sogeza kiti karibu na spika badala ya kuongeza sauti.

Watoto, mende na maji ya kupiga deki?

Mtoto hubonyeza twita ikabonyea ndani; acha kitambaa au wavu wa mbele mahali pake. Mende hupenda joto la amplifaya na huingia kwa tundu la hewa, kwa hiyo ziba tundu kwa kipande cha chandarua cha zamani kilichonyooshwa vizuri, hakitazuia hewa. Visanduku vingi ni mbao za unga zilizoshindiliwa, na zikinywa maji ya deki huvimba na hazirudi.

Ukingo wa koni yangu umekatika pande zote. Nitupe?

Usitupe kama koni yenyewe na koili ni nzima. Ukingo peke yake hubadilishwa. Pima kipenyo cha koni na cha fremu kwa milimita, kwa sababu ukingo ukitofautiana hata milimita chache koili itakwaruza. Chagua wa mpira badala ya sponji. Fundi akwangue gundi yote ya zamani, abandike upande wa koni kwanza, kisha wa fremu huku akiisukuma koni taratibu kwa vidole kuhakikisha haigusi popote. Mwambie abadilishe za spika zote mbili kwa wakati mmoja, na zikae usiku mzima kabla ya kuchezeshwa.